Mji janja au ujanja mtupu?

Leo nina hasira kidogo. Mnivumilie.

Siku hizi kila mkutano wa teknolojia ninaohudhuria, uwe Nairobi au hapa Nyeri, lazima mtu asimame aseme "mji janja". Kamera barabarani. Taa zinazojiwasha. Intaneti ya bure kwenye stendi. Picha ya Konza yenye maghorofa ya vioo. Tunapiga makofi, tunakunywa chai, tunarudi nyumbani. Kwangu mimi nyumbani ni Skuta, na huku kuna mama anayeuza mboga kando ya barabara. Mvua ikinyesha, mtaro unafurika na maji machafu yanafika hadi kwenye meza yake ya sukuma wiki.

Siku moja akaniuliza: "Kijana wangu, wewe si ni mtu wa kompyuta? Hebu niangalizie, huu mtaro umetengewa pesa au bado?"

Swali la ndiyo au la. Nami nina digrii ya sayansi ya kompyuta. Nikamjibu, "Mama, nipe mpaka jioni."

Jioni hiyo haijafika hadi leo!

Nilienda afisi moja ya umma, sitaitaja. Swali la kwanza nililoulizwa: "Unataka ya nini? Wewe ni mwandishi wa habari?" Baada ya kurudi mara tatu nikapewa hati ya PDF. Kuifungua, kumbe ni karatasi zilizopigwa picha, nyingine zimelala upande, nyingine mhuri umefunika tarakimu. Huwezi kutafuta neno hata moja humo ndani. Nikakaa wikendi mbili nikinakili majedwali kwa mkono, mstari baada ya mstari. Nikafika penye mitaro. Imeandikwa: "Kuboresha mitaro, sehemu mbalimbali." Basi. Sehemu gani? Mungu ndiye ajuaye.

Sasa mtu ataniambia hiyo ni "data iliyotolewa kwa umma". Hapana! Data huria ni ile ambayo kompyuta inaweza kuisoma, na ambayo mimi na wewe tunaweza kuitumia na kuisambaza bila kuomba ruhusa ya mtu. Picha ya karatasi ni kama kupewa gunia la mahindi lililoshonwa kwa waya. Umepewa, lakini huli.

Na msiseme hatukujua la kufanya. Tarehe 8 Julai 2011 Rais Mwai Kibaki, mzaliwa wa Othaya hapa hapa Nyeri, alizindua tovuti ya data huria ya taifa. Kenya ikawa miongoni mwa nchi za kwanza Afrika kufanya hivyo. Tulishangilia sana. Kisha nini? Baada ya miaka michache data nyingi mle zilikuwa zimechakaa bila kusasishwa. Kuzindua ni siku moja, kusasisha ni kazi ya kila siku, na kazi ya kila siku haina utepe wa kukata.

Tazameni upande wa pili. Mwaka 2014 wanafunzi na watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na wenzao wa Marekani, walitoa ramani ya njia za matatu za Nairobi, zaidi ya 130. Walipanda matatu wakiwa na simu mkononi, wakaandika kila kituo, kisha wakaiachia data yote iwe huria. Hakuna kamera ya mamilioni iliyohitajika. Simu, nauli na nia, basi.

Kuna wanaosema, "Wananchi hawataelewa hizo takwimu." Hii ndiyo hoja inayonichoma zaidi. Nendeni mkutano wa mwaka wa chama chochote cha ushirika cha kahawa hapa Nyeri. Mzee ambaye hajawahi kugusa kompyuta atawaambia kiwanda chake kimelipa shilingi ngapi kwa kilo, kiwanda cha jirani kimelipa ngapi, na atadai aelezwe tofauti imetoka wapi. Huyo hahitaji kufundishwa takwimu! Anahitaji tu kupewa. Hata maji yetu: kila mwaka mdhibiti wa huduma za maji, WASREB, huchapisha ripoti inayolinganisha kampuni za maji za nchi nzima, na ya Nyeri imeshika nafasi ya juu mara nyingi. Ukijua utalinganishwa na mwenzako hadharani, hulali.

Sheria nayo iko upande wetu. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inasema unaweza kuandika ombi lako kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, kwamba sababu zako za kutaka habari hazipunguzi haki yako, na kwamba afisi ikujibu ndani ya siku 21. Kwa hiyo lile swali la "unataka ya nini" halina nguvu yoyote. Ukipuuzwa, peleka malalamiko kwa Ombudsman.

Madai yangu ni matatu tu. Kwanza, kila orodha ya miradi itolewe kama jedwali linalofunguka kwenye kompyuta, si picha. Pili, kila mradi uandikwe barabara yake na mahali pake kwenye ramani. "Sehemu mbalimbali" ipigwe marufuku. Tatu, ionyeshwe pesa iliyotengwa, iliyolipwa, na tarehe. Hakuna anayeomba nambari ya simu ya mtu wala siri ya serikali. Tunauliza habari za mtaro.

Mpaka hayo yafanyike, mkiniletea mradi wa mji janja nitauona ni ujanja mtupu. Kamera zitatuona sisi, lakini sisi hatutaona chochote.

Jana nimepeleka barua yangu, kwa Kiswahili, nakala imegongwa mhuri. Siku ya 21 nitapita kwa mama na jibu, au nitamwambia nani amekataa kulitoa. Nawe andika ya kwako, popote ulipo. Karatasi moja inatosha.