Daftari la Nyimbo za Tana Lataka Mwandishi

MTO NA MWAMBAO, na Athumani Jilo Komora

Mzazi wa Garsen aulizwapo na mwanawe kama yafaa aende Chuo Kikuu cha Kenyatta au cha Maseno kusomea ualimu wa muziki, aghalabu hujibu kwa kuuliza mshahara, na haki anayo, kwani karo ya miaka minne hutoka katika maembe, mpunga na mifugo, vitu ambavyo mafuriko ya mto au ukame huweza kuvifuta kwa msimu mmoja. Basi na tuuzungumze mshahara huo waziwazi.

Tume ya Huduma kwa Walimu hailipi somo, hulipa daraja. Mwalimu wa muziki na mwalimu wa hisabati wakiwa katika daraja moja hupokea mshahara mmoja, na wote wawili wakipangiwa Tana River huongezewa marupurupu ya mazingira magumu. Taksiri imo katika mlango wa kuingilia: nafasi hutangazwa kwa masomo, na shule isiyofundisha muziki haina sababu ya kumwomba mwalimu wake, ilhali bila mwalimu huyo somo halitaanza kamwe. Ndiyo maana mhitimu wetu huajiriwa kwa somo lake la pili, Kiswahili au dini, au huanza katika ualimu wa mafunzo ya kazini ambao katika sekondari msingi umekuwa ukilipwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, nao ni ujira mdogo mno kwa mtu mwenye shahada na wazee wanaomtazamia.

Na muziki wenyewe hautoroki shuleni. Msimu wa tamasha la muziki ukikaribia, utawakuta walimu wakuu wanatafuta mtu wa kuinoa kwaya, wakamlipa posho ya majuma machache kutoka mfuko wa wazazi, wakisha kurudi mashindanoni wakamsahau hata mwaka wa pili. Kazi ipo na huitishwa kila mwaka. Kilichokosekana ni cheo chake katika orodha ya watumishi. Kwa kuwa sasa sekondari msingi zafundisha sanaa bunifu na michezo kuwa somo moja, ambamo muziki ni sehemu ya mtaala, naona ni insafu Tume iwahesabu wahitimu wa muziki miongoni mwa wa kwanza kuitwa kwa somo hilo, wala lisiachiwe yeyote mwenye vipindi vichache.

Lakini mlango ninaoutamani zaidi hauko kwa Tume. Uko Hola, makao makuu ya kaunti yetu. Mwaka 1963, Kenya ilipokuwa ikijiandalia wimbo wa taifa, jopo la watu watano, Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, lilichukua lahani ya wimbo wa kwetu wa Kipokomo wa kubembeleza mtoto, waliyoipata kwa Mzee Meza Morowa Galana, wakaitengeneza hata ikawa hii tuisimamiayo wima leo. Hyslop aliwahi kuwa afisa wa serikali wa muziki na tamthilia, maana yake hata dola ya kikoloni iliona si israfu kumlipa mtu mshahara kwa ajili ya kazi hiyo. Leo, zaidi ya miaka 60 baadaye, Mto Tana uliotoa lahani hiyo unastahili afisa wake.

Wala sheria haikosekani. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 11, iliagiza Bunge kutunga sheria ili jamii zipate fidia au mrabaha kwa matumizi ya utamaduni wao; na sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za jadi yazipa serikali za kaunti dhamana ya kukusanya, kuandika na kusajili mambo hayo katika jamii zao. Kusajili wimbo si kuandika jina lake na kijiji chake tu. Ni kukaa na bibi mwenye kuuimba, kunasa sauti yake, kisha kuitia lahani katika nota, kuonyesha ni wapi kiitikio huingia kabla kiongozi hajamaliza, ni mkono upi wa mpiga ngoma unaoshika mwendo na upi unaoucheza, na kuandika maneno ya Kipokomo au Kiorma kama yatamkwavyo bila kuyasukuma yafanane na Kiswahili. Karani hodari hawezi kazi hiyo. Mhitimu wa muziki ameisomea. Na maandishi hayo yana faida nyingine: ngoma yetu Wapokomo, ngadzi, iliyotwaliwa na maafisa wa Kiingereza mwanzoni mwa karne ya 20, ingali London katika British Museum, na mwenye kudai chake hutakiwa kuonyesha hati.

Kwa hiyo naliomba Bunge la Kaunti, katika bajeti ijayo, lifungue nafasi mbili katika idara ya utamaduni, moja ya Hola na moja ya Garsen, kwa mshahara wa daraja lile lile wanalopewa maafisa wengine wenye shahada, pamoja na kinasa sauti kizuri na nauli ya kufika Ngao, Kipini na kwenye maboma ya Waorma. Maafisa hao waanze na waimbaji wenye umri mkubwa.