Baraza la Mwalimu: Safu Mbili za Washambuliaji



Mwezi uliopita niliahidi kuendelea na habari za methali za pwani. Nawaomba radhi, ahadi hiyo naiahirisha. Limezuka jambo ambalo limenikosesha usingizi siku kadhaa, nalo ni mabishano ya mpira wa magongo. Yalianza kama mchezo wa wazee wasio na kazi, yakaishia mahali ambapo sikutarajia.

Wengi wenu mnamfahamu jirani yangu, Kalasinga wa Kisumu. Jina hilo la Kalasinga analitumia mwenyewe, tena kwa fahari, na Kiswahili chake kinawashinda vijana wetu wengi waliozaliwa hapa Southall. Amenizidi miaka kumi na ushei. Alipokuwa kijana alichezea klabu moja ya kwao, kisha akaingia Uingereza mwanzoni mwa mwaka 1968, wiki chache kabla Bunge la hapa halijapitisha, mwezi wa Machi, sheria ya kuwazuia Wahindi wa Kenya waliokuwa na pasipoti za Kiingereza. Kila Alhamisi baada ya sala ya alasiri hukutana naye katika mkahawa mmoja wa Broadway, tukanywa chai ya maziwa na kusahihisha makosa ya dunia.

Alhamisi hiyo mvua ilitufungia ndani. Jirani akatoa kalamu, akavuta karatasi ya kufutia mikono, akasema, "Mwalimu, leo tuchague. Kila mtu washambuliaji watano, mmoja mmoja kwa zamu, wa nchi yoyote, walio hai na waliokufa. Aliyekwisha kuchaguliwa hachaguliwi tena. Kisha tuone safu ya nani ingeshinda." Tulikubaliana kufuata mpango wa zamani: winga wa kulia, wa ndani kulia, wa kati, wa ndani kushoto na winga wa kushoto. Tukarusha sarafu, akashinda yeye.

Hakufikiri hata kidogo. Akaandika Dhyan Chand, mshambuliaji wa kati wa India katika Olimpiki za 1928, 1932 na 1936, ambaye mara zote tatu alirudi na dhahabu. Kwa jirani yangu huyu si mtu wa vitabuni. Mwaka 1947 kuingia 1948 Dhyan Chand alizuru Afrika Mashariki na timu ya India, akiwa amekwisha kupita miaka arobaini, na bado alifunga mabao zaidi ya sitini. Baba yake jirani alipanda gari moshi kutoka Kisumu hadi Nairobi kwenda kumtazama, na hadithi ya safari hiyo imesimuliwa nyumbani mwao hadi leo.

Zamu yangu ilipofika nikaandika Samiullah Khan, winga wa kushoto wa Pakistani. Jirani akacheka. Akaandika Balbir Singh, yule aliyefunga mabao matano peke yake India ilipoishinda Uholanzi 6 kwa 1 katika fainali ya Helsinki mwaka 1952. Mimi nikaandika Kaleemullah, winga wa kulia, nduguye Samiullah. Akacheka tena, akaandika Hassan Sardar. Nikamchukua K. D. Singh, ajulikanaye kwa jina la Babu, nahodha wa India huko Helsinki, mtu wa ndani kulia, ambaye naye alikuwamo katika ule msafara wa Afrika Mashariki. Jirani akamchukua Roop Singh, mdogo wake Dhyan Chand, mtu wa ndani kushoto. Mwaka 1932 huko Los Angeles India iliifunga Marekani 24 kwa 1, na katika mabao hayo Roop Singh alifunga kumi na kaka yake manane.

Nafasi yangu ya nne nilimpa Hilary Fernandes, Mgoa wa Kenya, mtu wa ndani kushoto, aliyecheza Olimpiki tatu: Roma 1960, Tokyo 1964 na Mexico 1968. Hapo jirani hakucheka. Alinitazama tu, kisha akamwandika Imran Sherwani, winga wa kushoto aliyezaliwa Stoke-on-Trent katika familia iliyotoka Pakistani, aliyefunga mabao mawili Uingereza ilipotwaa dhahabu ya Seoul mwaka 1988 kwa kuishinda Ujerumani ya Magharibi 3 kwa 1. Mimi nikamalizia na mshambuliaji wa kati wa timu hiyohiyo, Sean Kerly, ambaye katika nusu fainali aliifunga Australia mabao matatu.

Sasa tazameni, ndugu wasomaji, hizo safu mbili. Ukihesabu sifa, safu ya jirani ni ya wafalme watupu. Lakini ukiwapanga uwanjani utaona kasoro. Amechagua washambuliaji wa kati watatu! Dhyan Chand, Balbir na Hassan Sardar wote wamezoea kusimama pale pale, mbele ya lango, wakingoja mpira. Upande wa kulia hakuna mwenyewe. Nilimwuliza, "Nani atakimbia pembeni kuuleta mpira?" Akajibu kwamba fundi ni fundi popote utakapomweka. Nikamwambia hata seremala hodari hapigi randa kwa nyundo.

Mimi niliwatangulia mawinga kwa sababu ile ile inayomfanya mama wa nyumbani anunue kwanza sokoni kitu kilicho haba. Washambuliaji wa kati ni wengi katika historia, mawinga wa kweli ni wachache. Tena nilikuwa na hila ndogo. Katika fainali ya Michezo ya Asia ya mwaka 1982, mjini Delhi, Pakistani iliishinda India 7 kwa 1, na Hassan Sardar akafunga mabao matatu. Lakini siku ile alikuwa na Kaleemullah kulia na Samiullah kushoto. Ndugu hao walivuta mabeki hadi pembeni, katikati kukabaki uwazi. Jirani amemchukua Hassan Sardar, mimi nimeyachukua mabawa yake.

Jirani naye hakukosa hoja. Alisema ndugu ninao, na ndugu anao. Dhyan Chand na Roop Singh walijuana kama mkono wa kulia ujuavyo wa kushoto, na mahali penye maelewano kama hayo winga haulizwi. Tena akauliza, pambano litachezwa wapi? Hilo ni swali la haki. Katika Olimpiki, nyasi bandia zilianza Montreal mwaka 1976. Juu ya nyasi za kweli mpira huruka na kugeuka, na mwenye mkono mwepesi ndiye mshindi. Juu ya zulia mpira huenda moja kwa moja, na mwenye mbio na pumzi hutawala. Kanuni nazo zimebadilika. Sheria ya kuotea iliondolewa katika miaka ya 1990, na tangu hapo mshambuliaji anaweza kusimama karibu na kipa apendavyo. Mpe Balbir Singh ruhusa hiyo, uone!

Tukaafikiana kipindi cha kwanza kichezwe juu ya nyasi na cha pili juu ya zulia. Hukumu yangu ni kwamba jirani angeongoza hadi mapumziko kwa mabao mawili, nami ningemfikia na kumpita kabla ya filimbi ya mwisho. Hukumu yake ni kwamba mapumziko yasingefika, kwani safu yangu ingeomba kwenda nyumbani.

Akabaki na swali moja tu. "Mwalimu, Kerly nakubali, Babu nakubali. Lakini Hilary umemweka kwa mapenzi au kwa haki?" Nilimjibu kwa haki. Kenya ilimaliza ya sita Tokyo mwaka 1964 na ya nane Mexico mwaka 1968, na katika Kombe la Dunia la kwanza, Barcelona 1971, ilikuwa ya nne, nyuma ya Pakistani, Hispania na India. Nchi changa, yenye wachezaji wachache, haifiki hapo kwa bahati. Wachezaji wake hawana filamu nyingi za kutazamwa, wala hawana dhahabu, kwa hiyo wanapochaguliwa magwiji wa dunia hakuna anayewataja. Tena timu ile haikuvunjwa na mabeki wa Ujerumani. Ilivunjwa na pasipoti. Mmoja alikwenda Canada, mwingine Australia, mwingine Uingereza. Ya Uganda ilikuwa chungu zaidi. Timu yake ya magongo, iliyokuwa na wachezaji wenye asili ya Bara Hindi, ilicheza Olimpiki ya Munich mwishoni mwa Agosti na mwanzoni mwa Septemba 1972, wakati zile siku tisini za Idi Amin zilikuwa zimekwisha kuanza kuhesabiwa. Fikirini kucheza chini ya bendera ya nchi inayowahesabia jamaa zenu siku za kuondoka.

Hayo nilikuwa nikiyasema kwa sauti kubwa kidogo, na mjukuu wangu, binti wa miaka kumi na miwili aliyetoka shule akanipitia, alikuwa amekaa akisoma ile karatasi. Akaniuliza, "Babu, umejichagua mwenyewe?" Tulicheka sana, maana hapo penye nafasi ya ndani kulia niliandika "Babu" peke yake. Kisha akauliza tena, "Na wa kwetu ni yupi?" Nikamwonyesha Hilary. "Huyu ni Mswahili?" La. Nikamwonyesha Waislamu wanne waliomo: Samiullah, Kaleemullah, Hassan Sardar na Sherwani. Akatikisa kichwa. "Nauliza wa kwetu, Babu. Watu wa Mombasa."

Sikuwa na jibu jepesi. Ilinibidi nimweleze kwamba katika Kenya ya zama za Mwingereza kila jamaa ilikuwa na shule yake na klabu yake. Nairobi palikuwa na Sikh Union ya Masingasinga, Goan Institute ya Wagoa na Sir Ali Muslim Club ya Waislamu wenye asili ya Bara Hindi. Magongo yalichezwa huko. Sheria za ubaguzi ziliondoka na bendera ya mkoloni, lakini mazoea hayaondoki siku moja. Mimi nilipokuwa na umri kama wake, nilikuwa nikisimama nje ya ua wa uwanja mmoja kule kwetu, nikitazama kupitia matundu. Mpira ukirukia nje tuliurudisha mbio ili tupate kuushika. Gongo langu lilikuwa tawi la mpera lililopinda, na mpira wangu ulikuwa wa matambara. Hakuna aliyetufukuza, na hakuna aliyetuita. Mwaka 1971 baba alipotusomea gazetini kwamba Kenya ni ya nne duniani, nilifurahi kama kila mtu. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojiuliza ni watoto wangapi waliokuwa nje ya ua siku zile, na kama hapakuwamo miongoni mwao winga mmoja wa kulia.

Jirani alinyamaza muda mrefu. Alikuwa akikoroga chai ambayo haikuwa na sukari. Mwishowe akasema, "Mwalimu, lau ningekujua ningekufungulia mlango." Nikamjibu, "Hukunijua kwa sababu ya huo ua." Sikusema kwa uchungu, naye hakuchukia. Lakini miaka yote tuliyofahamiana hatukuwahi kulisema jambo hilo, na nadhani tulikuwa tukiliogopa.

Haki yatutaka tuseme pia kwamba ua ule ulifunguka. Mchezo ulienea katika shule za sekondari, na Kenya ilipokwenda Seoul mwaka 1988 majina ya Michael Omondi, Peter Akatsa na Lucas Alubaha yalisimama bega kwa bega na ya Masingasinga. Timu hiyo ilimaliza ya kumi na mbili, ya mwisho. Wapo wanaoitaja namba hiyo kwa kejeli. Mimi naitazama vingine: wale wa zamani walikuwa na vizazi viwili vya klabu, walimu na magongo mazuri nyuma yao, ilhali hawa walianza juzi.

Sasa nifike kwenye lililoninyima usingizi. Tulipokuwa tukirudi nyumbani, mjukuu wangu alitoa barua mfukoni. Mwalimu wake wa michezo amependekeza ajiunge na timu ya wasichana ya magongo, mazoezi Jumamosi asubuhi. Barua ilikuwa na majuma matatu mkobani. Hakuitoa kwa sababu alijua Jumamosi ni siku ya madrasa, na alijua mama yake atauliza habari za mavazi.

Majuma matatu! Mtoto wetu naye alikuwa amesimama nje ya ua, na safari hii ua tuliujenga sisi wenyewe bila kujua. Nilikwenda shuleni kuuliza. Nikaambiwa suruali ndefu na mtandio havina tatizo. Nilikwenda kwa ustadhi, naye kwa hisani yake akakubali kumsomesha Jumapili alasiri. Mama yake amekubali kwa miezi mitatu, kwa sharti kwamba juzuu aliyoianza asiiache nyuma. Ni sharti la haki, nami nimelitia sahihi.

Sisemi kila mtoto acheze magongo. Nasema tuwaulize watoto wetu wana barua gani mikobani.

Jumamosi iliyopita jirani alikuja nasi uwanjani, na baridi ile, amejifunga shali hadi puani. Binti alipangwa winga wa kulia. Alikosa mipira miwili ya wazi, akaanguka mara moja, akainuka. Jirani akaniinamia sikioni akasema, "Mwalimu, ile safu yangu ina nafasi upande wa kulia." Nikamwambia amechelewa, huyu ni wangu.

Ikiwa nyumbani mwenu kuna picha au kumbukumbu ya mtu wa kwetu aliyeshika gongo, Mombasa, Unguja, Kisumu au Kampala, nipeni baada ya sala ya Ijumaa. Mwezi ujao, tukijaaliwa, nitarudi kwenye methali.

Wabillahi tawfiq.