Mchezo na Kamari si Ndugu

Wengine hushangaa wakisikia kwamba mzee kama mimi hucheza michezo ya video. Mbona wazee hucheza bao barazani, wala hakuna anayewacheka? Mchezo si dhambi; akili nayo yataka kupumzika.

Lakini michezo haifanani. Tazameni mchezo wa Tetris, uliobuniwa na Alexey Pajitnov kule Moscow mwaka 1984. Vipande vyaanguka, nawe wavipanga. Mstari ukijaa hufutika. Rundo likifika juu, umeshindwa. Hakuna cha kununua katikati. Anayeshinda hushinda kwa jicho lake na mkono wake.

Michezo mingi ya siku hizi hutolewa bure, na hicho ndicho chambo. Ndani yake, na hata ndani ya mingine iliyolipiwa, mna masanduku ya bahati: mtoto hutoa fedha halisi kabla hajajua atapata nini. Akikosa, anunua tena. Mwaka 2018 wasimamizi wa kamari wa Ubelgiji walichunguza michezo kadhaa, FIFA 18 mmojawapo, wakasema kwamba masanduku hayo ni kamari iliyovunja sheria yao. Nami nasema vivyo hivyo.

Basi, wazazi, msivunje simu kwa hasira. Namba ya siri ya fedha za simu ibaki kwenu. Mwulizeni mtoto: mchezo huu waisha lini? Wadai fedha za nani? Kisha mwombeni awafundishe kuucheza. Mtashindwa, naye atafurahi.