Kasisi wa Polisi Akihubiri Chuki, Avuliwe Beji



Juni 2019, huko Knoxville, Tennessee, Grayson Fritts, mpelelezi wa ofisi ya sherifu na pia mchungaji, alihubiri kwamba serikali iwakamate mashoga na kuwaua. Aliondoka kazini kwa mpango wa hiari, na malipo juu. Mwendesha mashtaka ikabidi apitie upya kesi zake.

Huyo alikuwa mpelelezi. Je, akiwa kasisi wa polisi? Kasisi ndiye anayefuatana na askari usiku kugonga mlango na kumwambia mama kuwa mwanawe amefariki. Mimi ni muuguzi, uzito wa habari hiyo naujua. Mama yule hachagui nani asimame mlangoni pake. Akimtambua kuwa ndiye aliyesema watu kama mwanawe wafe, atamlilia nani?

Najua nitajibiwa kwamba Katiba ya Marekani inalinda uhuru wa kusema. Sawa, asifungwe. Lakini kutofungwa ni jambo moja, kuachiwa beji ni jingine. Mimi nikitangaza hadharani kwamba wagonjwa fulani wafe, nani ataniachia sindano?

Kwa hiyo nasema: kanuni ziandikwe na zimbane hata kasisi wa kujitolea. Malalamiko yasikilizwe na watu wa nje ya idara. Ikithibitika, aondolewe na wananchi waelezwe sababu. Kuagana kimya kimya si kuwajibishana.