Kesi ya Kiboko na Mashahidi Wasioitwa

Februari 2025 mwanafunzi wa kidato cha pili alifariki dunia wilayani Busega, mkoani Simiyu, na kifo chake kikahusishwa na viboko alivyochapwa shuleni. Watu walilaani, polisi wakaingia kazini, kisha mjadala ukaishia pale unapoishia kila mara: kiboko kibaki, ila walimu wafuate mwongozo. Nimechoka kuisikia kauli hiyo. Kiboko kiondoke shuleni, chote, na wa kwanza kulidai hilo tunapaswa kuwa sisi wa Shinyanga na Geita, kwa sababu nitakazozieleza.

Kwanza mwongozo wenyewe. Kanuni za adhabu ya viboko zilitungwa mwaka 1979 chini ya Sheria ya Elimu ya 1978, zikarekebishwa mwaka 2002. Viboko visizidi vinne. Achape mwalimu mkuu, au mwalimu aliyepewa idhini naye kwa maandishi. Msichana achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa pale ambapo shule haina mwalimu wa kike. Kosa liwe kubwa. Kila adhabu iandikwe kwenye daftari maalumu.

Nilisoma shule ya msingi mkoani Shinyanga, na daftari hilo sikuliona wala kulisikia likitajwa. Tulichapwa mstarini kwa kuchelewa namba ya asubuhi, darasani kwa kukosa hesabu ya kugawanya, bustanini kwa kuja bila ndoo ya maji. Tulichapwa darasa zima pale aliyepiga kelele alipokosa kujulikana. Fimbo zenyewe tulitumwa sisi wenyewe kwenda kuzikata, na aliyeleta nyembamba alianza yeye kuchapwa. Mtoto wa darasa la pili aliyeshindwa kutaja jedwali la saba ametenda kosa gani kubwa? Kwenye kanuni, hakuna. Kwa mwalimu wa zamu, lilikuwepo kila siku.

Sisemi kwamba shule ile ilikuwa mateso matupu. Nilijifunza kusoma pale, chini ya mwalimu wa kike wa darasa la kwanza aliyekuwa akituimbisha silabi huku akipita dawati kwa dawati akiinama kushika mkono wa kila mtoto aliyekwama. Tuliimba kwaya, tukacheza mpira wa makaratasi mpaka giza likaingia, tukasimuliana hadithi njiani kati ya mashamba ya pamba. Watu niliosoma nao ni ndugu zangu mpaka leo. Ukiniuliza kama niliipenda shule, nitajibu ndiyo, na wakati huohuo nitakumbuka tumbo likiniuma asubuhi kwa hofu. Wengi wa rika langu wako hivyo. Na ni kumbukumbu hii iliyochanganyika ambayo wakubwa wameigeuza kuwa hoja ya kisera: tulichapwa, na leo ni watu.

Hoja hii imesemwa na wakubwa kweli. Agosti 2018 mwanafunzi wa darasa la tano wa Shule ya Msingi Kibeta, Bukoba, alikufa baada ya kupigwa na mwalimu kwa tuhuma ya kuiba mkoba, na Machi 2019 Mahakama Kuu ikamhukumu mwalimu huyo kunyongwa. Mtu angetegemea kwamba nchi ingetulia na kujiuliza. Oktoba mwaka huohuo mkuu wa mkoa wa Mbeya, Albert Chalamila, aliwachapa kwa mkono wake wanafunzi 14 wa sekondari wilayani Chunya mbele ya kamera. Rais Magufuli, mzaliwa wa Chato na mwalimu wa zamani wa Sekondari ya Sengerema, akampongeza hadharani. Wazazi wengi wa Kanda ya Ziwa walishangilia, maana aliwasemea kile wanachokiamini.

Watetezi wa kiboko wana hoja zao nyingine na ni haki zitajwe. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016 madarasa yamefurika, na mwalimu mmoja anakabidhiwa watoto wengi kuliko anavyoweza kuwajua kwa majina. Kenya ilipiga marufuku kiboko mwaka 2001, na shule zilipoungua mfululizo mwaka 2021 Waziri wa Elimu wa wakati huo, George Magoha, mwenyewe alitamka kwamba kirudi. Wazazi nao humleta mtoto na kumwambia mwalimu: huyu ni wako, mchape. Nimezisikia zote. Darasa lililofurika linahitaji walimu na madawati, na fimbo haiongezi hata kimoja kati ya hivyo. Kenya haikukirudisha kiboko kwenye sheria yake. Na ruhusa ya mzazi haibadilishi kinachotokea kwenye mwili wa mtoto.

Lakini hayo hayanishughulishi sana. Kinachonishughulisha ni ule ushahidi wa "tulichapwa, tukawa watu", kwa sababu ndio unaobeba mzigo wote wa utetezi, na ni ushahidi mbovu.

Mtazame anayeutoa. Ni afisa wa halmashauri, ni mwalimu, ni nesi, ni diwani, ni mimi ninayeandika makala hii. Sote tulibaki shuleni mpaka mwisho. Hakuna hata mmoja wetu anayeweza kusimama badala ya yule aliyekuwa akikaa dawati la nyuma, aliyechapwa fimbo zilezile, asubuhi ileile, na mwalimu yuleyule, kisha siku moja hakurudi. Yeye hajawahi kuitwa kwenye semina ya wadau wa elimu. Haandiki maoni gazetini, na wengine walioacha kama yeye hawawezi kuandika. Kwa hiyo kila tunapouliza kama kiboko kilisaidia, tunawauliza waliokivumilia peke yao, halafu tunastaajabu kwamba jibu ni ndiyo.

Kasoro hii ipo kila mahali penye viboko. Huku kwetu ina uzito wa pekee, kwa kuwa mtoto wa ukanda huu anayekimbia shule ana mahali pa kwenda, na mahali hapo panamlipa siku hiyohiyo. Ukitoka Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu na Katoro upande wa Geita, mpaka Mwakitolyo upande wa Shinyanga na Kakola jirani na mgodi wa Bulyanhulu, kuna maduara ya kuchimbia, kuna makarasha ya kusagia mawe, kuna mialo ya kuoshea udongo wa dhahabu. Shirika la Human Rights Watch lilitembelea machimbo ya Geita, Shinyanga na Mbeya na kutoa ripoti mwaka 2013. Lilikuta watoto wengine wenye umri wa miaka minane tu wakifanya kazi: wanashuka mashimoni, wanabeba mawe, wanaponda kwa nyundo, wanachanganya zebaki kwa mikono mitupu na kuvuta moshi wake dhahabu inapochomwa. Zebaki inaharibu ubongo na mishipa ya fahamu, na kwa mtoto anayekua madhara yake ni makubwa zaidi.

Sasa fuatilia jinsi mtoto anavyofika huko. Mara nyingi haamki siku moja akasema naacha shule. Anaanza kwa kwenda mwaloni jioni au Jumamosi, kwa kuwa nyumbani hakuna chumvi, au anataka kununua daftari na viatu. Jumatatu amechoka, anachelewa namba. Mchelewaji anachapwa. Wiki inayofuata karasha linasaga mpaka usiku, asubuhi jua limeshapanda ndipo anashtuka, na anajua akienda muda huo atachapwa mbele ya shule nzima. Anapiga hesabu ambayo mtu mzima yeyote angeipiga: bora asiende kabisa leo. Lakini adhabu ya kutokwenda ni kubwa kuliko ya kuchelewa, na inamngoja kesho. Kesho anaiogopa, haendi. Keshokutwa adhabu ni ya siku mbili. Baada ya wiki moja deni la viboko limekuwa kubwa kiasi kwamba kurudi kunahitaji ujasiri ambao sisi watu wazima hatuna hata kwa madeni ya fedha. Na muda wote huo, machimboni hakuna anayemuuliza jana alikuwa wapi. Anapewa kazi, jioni anapewa hela.

Shule inasema inamchapa mtoro ili aache utoro. Kwa mtoto wa Nyarugusu, fimbo hiyo ndiyo inayomfungia mlango wa kurudi. Mwalimu anamwona mtoto aliyerudi akiwa na woga, anamchapa, na anaamini amefanya kazi yake. Asichokiona ni wale walioona mwenzao akichapwa baada ya kurudi, wakaamua wao wasirudi. Mwisho wa mwaka rejista inaandikwa "mtoro", mzazi analaumiwa, mchimbaji mwenye karasha analaumiwa, umaskini unalaumiwa. Fimbo hailaumiwi na mtu.

Najua nitaambiwa kwamba njaa ndiyo inayowapeleka watoto machimboni. Ni kweli, njaa inawapeleka. Lakini mtoto mwenye njaa aliyekwenda kuponda mawe siku mbili anaweza kurudi siku ya tatu, na wengi wangerudi kama lango la shule lisingekuwa na mtu mwenye fimbo. Umaskini wa Geita hautaisha kwa tamko la waziri. Fimbo ya langoni inaweza kuisha kwa tamko la waziri, na ndiyo maana nazungumzia hiyo.

Kwa wasichana mlango wa kutokea ni mwingine. Takwimu za kitaifa za afya za mwaka 2010 ziliutaja mkoa wa Shinyanga kuwa wa kwanza nchini kwa ndoa za utotoni: asilimia 59 ya wanawake wa umri wa miaka 20 hadi 24 waliolewa kabla ya kutimiza 18. Ng'ombe wa mahari ndio sababu kubwa, na sitaki kulipunguza hilo. Ila msichana anayeona shule ni mahali pa kuaibishwa, anayechapwa na mwalimu wa kiume mbele ya wavulana ilhali kanuni inakataza, atapata wapi nguvu ya kumwambia baba yake kwamba anataka kuendelea kusoma? Tunamtaka aitetee shule ambayo haikumtetea yeye.

Ipo pia hila ya kumbukumbu yetu sisi tuliobaki. Kwa kuwa fimbo na kusoma vilikuwa katika chumba kimoja, tunaipa fimbo sifa ya kusoma. Nikirudi kwa yule mwalimu wangu wa darasa la kwanza, mbinu yake ilikuwa sauti, subira na kuinama dawatini. Sikumbuki akichapa mtu kwa kukosea herufi. Hesabu, ambazo kwazo tulichapwa kuliko kwa somo lolote, ndizo darasa zima lilizichukia, na wengi wetu tulitoka la saba tukiwa tumezikariri bila kuzielewa. Nimewauliza watu wengi wa rika langu wamtaje mwalimu aliyewafanya wapende somo fulani, na karibu kila mara anayetajwa ni yule asiyesifika kwa fimbo. Halafu dakika tano baadaye mtu yuleyule ananiambia kwamba watoto wa siku hizi wameharibika kwa kukosa viboko. Hayo mawili hayawezi kukaa pamoja, na imefika wakati tuambiane hivyo bila kuoneana haya.

Wala siyo kweli kwamba watoto wa siku hizi wamekosa viboko. Uchunguzi wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 kwa ushirikiano wa serikali na UNICEF ulikuta kwamba takriban robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walikuwa wamepigwa kabla ya kufika miaka 18, na walimu walikuwa miongoni mwa wapigaji wakubwa. Kanuni ya viboko vinne na daftari maalumu ilikuwepo tayari. Tumejaribu kanuni ya namna hii tangu 1979. Imeshindwa Bukoba, na kila asubuhi inashindwa kwenye mistari ya shule ambazo hazitaingia gazetini kwa sababu hakuna aliyekufa. Kuwaambia walimu waifuate ni kusubiri maiti nyingine ili tupate nafasi ya kuirudia kauli ileile.

Nani basi aamue? Haihitaji kusubiri Bunge. Sheria ya Elimu inampa waziri mamlaka ya kutunga kanuni hizi, na kanuni za sasa ni kazi ya mkono wa waziri. Awali viboko viliruhusiwa hadi sita. Mwaka 2002 vikashushwa hadi vinne kwa Tangazo la Serikali, bila kusubiri sheria mpya. Waziri wa leo anaweza kuvishusha hadi sifuri kwa tangazo la namna hiyohiyo, na katika tangazo hilo aongeze sharti moja kwa ajili ya wilaya zenye machimbo: mtoto aliyekosa shule akirudi, apokelewe, aandikwe jina, aulizwe alikuwa wapi na amekula nini, na afundishwe siku hiyohiyo. Kabla hajatia saini aende Rwamgasa siku ya kazi, saa nne asubuhi, azungumze na watoto atakaowakuta kwenye makarasha. Awaulize mara ya mwisho walikwenda shule lini, na siku hiyo kulitokea nini.