SI MVIVU, NI MGONJWA

Ndugu wanachama,

Mara nyingi nyapara husema: "Huyu amekuwa mvivu. Anasinzia kazini, anasahau alichotumwa, na akiambiwa neno anakuja juu." Sisi twasema: kabla ya kumhukumu, mapafu yake yapimwe.

Wajenzi wa Garissa na wenzetu wa machimbo ya mawe ya Mandera huvuta vumbi mwaka hata mwaka. Vumbi, sigara na moshi wa kuni huharibu mapafu. Mapafu yakishindwa kazi, ubongo hukosa oksijeni ya kutosha na hewa chafu hubaki katika damu. Ndipo mtu huamka kichwa kikimuuma na mawazo yakiwa mazito. Usiku kikohozi humnyima usingizi. Mchana hutafuna miraa asisinzie, na usiku unaofuata usingizi hupotea zaidi. Hofu na huzuni humwingia. Huo si uvivu, wala si majini. Wala asijinunulie vidonge vya usingizi, maana vyaweza kuzidi kuidhoofisha pumzi yake.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Sheria ya fidia ya mwaka huo huo yahesabu maradhi ya kazi pamoja na ajali. Basi tudai barakoa, maji ya kulaza vumbi, na vipimo vya mapafu. Mwenzenu akikohoa wiki mbili, mpelekeni hospitali kabla nyapara hajamfukuza.

Umoja ni nguvu.