Tola ya mafuta ya udi: bei yake ni ya haki?

Ijumaa iliyopita baada ya alasiri nilikwenda Souq Waqif na kijana mmoja wa kwetu Pwani, mzaliwa wa Malindi, ambaye ni mlinzi hapa Doha. Aliniomba nimsindikize kununua mafuta ya udi. Anaoa mwezi wa Desemba, na upande wa bibi harusi umemtumia kwa WhatsApp orodha ya vitu vya sanduku. Zimo kanga, viatu, mikoba na nguo za kulalia, na mwisho kabisa pameandikwa: "Mafuta ya udi tola moja, yale ya kweli ya huko huko Qatar."

"Dada," aliniuliza tulipokuwa tunashuka kwenye metro, "hiyo tola ni chupa kubwa kiasi gani?"

Nikamwonyesha kidole gumba. Tola ni kipimo kilichotoka Bara Hindi, karibu gramu 12. Chupa yake unaweza kuifumbata mkononi na mtu asijue kama umeshika kitu.

Katika duka la kwanza muuzaji alitupaka tone moja kila mmoja nyuma ya kiganja, akasubiri tunuse, kisha akataja bei: riyali 1,800. Alipoona tumenyamaza akashusha hadi 1,500. Kijana alitabasamu kwa adabu, akashukuru, akatoka nje. Mshahara wake wa msingi ni riyali 1,000 kwa mwezi, ambao ndio kima cha chini kilichowekwa na sheria ya Qatar tangu Machi 2021. Chakula na malazi anapewa na mwajiri. Katika hizo 1,000, nusu humtumia mama yake kila mwisho wa mwezi.

Tulipofika nje akaniambia kwamba wenzake wawili wa chumbani wako tayari kumkopesha. Kisha akauliza: "Lakini dada, bei ile ni ya haki kweli? Ama ni kwa kuwa wametuona sisi ni wageni?"

Sikumjibu pale pale. Nimeishi hapa miaka kumi na mbili, nimenunua udi mara nyingi, na swali hilo sijawahi kuliuliza kwa sauti. Tukakaa kwenye benchi, tukaagiza chai ya karaki, nikamweleza ninayoyajua. Nayaandika hapa kwa sababu najua wengi wenu mmesimama mbele ya kabati lile lile la vioo.

Tuanze na mti wenyewe. Udi hauoti Qatar wala Uarabuni. Mti wake, ambao wataalamu huuita Aquilaria, ni wa misitu ya Assam, Bangladesh, Kambodia, Vietnam, Thailand, Malaysia na Indonesia. Ukiwa mzima, mbao zake ni nyeupe na nyepesi, hazina harufu ya maana. Harufu huja mti ukiumia. Ukivunjika tawi au ukitobolewa na wadudu, kisha jeraha likaingia kuvu, mti hujikinga kwa kutoa utomvu mzito, mweusi. Mbao zilizoshiba utomvu huo kwa miaka ndizo udi.

Porini, miti mingi haina kitu ndani, na mkataji hawezi kujua kwa uhakika akiwa nje. Kwa hiyo mingi imeangushwa bure kwa kutafuta michache iliyo na udi. Ndiyo maana mwaka 1995 aina ya Aquilaria malaccensis iliingizwa katika CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na miaka kumi baadaye aina nyingine zote za mti huo zikafuata. Siku hizi wakulima wanaupanda. Husubiri ukue, huutoboa matundu na kuutia kuvu makusudi, kisha husubiri tena.

Mafuta nayo yana kazi yake. Vipande husagwa, hulowekwa majini siku nyingi, halafu huchemshwa na mvuke wake hupozwa mpaka mafuta yajitenge na maji. Mbao huingia chunguni kwa makumi ya kilo, na kinachotoka hupimwa kwa vijiko. Ukihesabu miaka ya mti, kuni, kazi ya mikono na safari mpaka Doha, riyali 1,800 kwa tola ya mafuta safi si bei ya kushangaza. Wapo wanaolipa zaidi ya hapo mara kadhaa kwa mafuta ya miti ya porini, na hawajaibiwa.

"Basi ni haki," akasema kijana, kama aliyekata tamaa.

Nikamwambia asubiri. Nikamkumbusha mkufu alioununua mwezi uliopita katika soko la dhahabu, hatua chache kutoka pale tulipokaa. Alipoingia dukani alikuta bei ya siku ya gramu moja inajulikana, ya karati 18, 21 na 22. Mkufu ulikuwa na muhuri wa karati. Ukawekwa kwenye mizani mbele ya macho yake, na kilichobaki kubishaniwa kilikuwa malipo ya ufundi tu. Akipenda kesho kuuuza, duka jingine litaupima na kumpa bei inayokaribiana.

Udi hauna bei ya siku wala muhuri. Chupa mbili zinazofanana zinaweza kuwa na bei zilizopishana mara kumi, na wauzaji wote wawili wakakuapia kwamba yao ndiyo asli. Watakuambia hii ni Hindi, hii ni Kambodi. Zamani majina hayo yalitaja nchi mti ulikotoka. Siku hizi mara nyingi hutaja aina ya harufu tu. Mafuta yanaweza kuongezwa mafuta mengine yasiyo na harufu ili chupa moja ijaze tatu, au yakatengenezwa maabara yasiwe na hata tone la udi. Vipande vya kufukiza navyo hutiwa rangi vionekane vyeusi, vimeshiba utomvu. Kuuza mchanganyiko si kosa, na baadhi ya michanganyiko hunukia vizuri sana. Kosa ni kuuza mchanganyiko kwa jina na bei ya mafuta safi, na hapo ndipo mnunuzi hana mizani ya kumsaidia.

Hili nalijua kwa hasara yangu. Mwaka 2019 nilinunua tola ya riyali 700 katika duka moja ambalo sitalitaja, nikampelekea mama yangu Mombasa. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, nami nilipaswa kukumbuka hivyo nilipomwona muuzaji akinifuata mpaka mlangoni. Mama aliifurahia chupa ile, akaiweka kabatini pamoja na nguo zake za sikukuu. Baada ya miezi mitatu dada yangu alinieleza kwa siri kwamba harufu ilikwisha siku za mwanzo, na mama amekatazwa na moyo wake asiniambie. Zile riyali 700 zilikuwa karo ya nusu muhula ya mwanangu. Mama hakuzijua, kwa sababu nilipompa nilimwambia, "Kitu kidogo tu, mama."

Yapo pia ya huko mafuta yanakotoka. Mkulima wa Assam au mkataji wa Kambodia anapata nini katika zile 1,800? Chupa haisemi. Sisi Wakenya tuna mti wetu wa kutufundisha. Ni msandali, unaoota sehemu kavu kama Samburu, na mafuta yake hutafutwa na watengeneza manukato wa nje. Kwa kuwa mafuta hayo yamo kwenye mizizi pia, wachimbaji huung'oa mti mzima. Kenya ilipiga marufuku kuuvuna porini mwaka 2007, na mwaka 2013 msandali wa Afrika Mashariki ukaingizwa nao katika CITES, lakini magendo hayakukoma. Anayeushika mzizi kwa mikono yake ndiye anayepata kidogo kuliko wote na ndiye wa kwanza kukamatwa, na mti ukiisha yeye ndiye anayebaki na ardhi tupu. Nikiona bei kubwa dukani siwezi kudhani kwamba pesa hizo zimefika msituni. Ndiyo maana napendelea mafuta ya udi wa kupandwa, ambayo muuzaji anaweza kuniambia yametoka wapi. Mti wa shambani angalau una mtu mwenye sababu ya kupanda mwingine.

Chai ilikuwa imekwisha. Kijana akasema jambo ambalo sikulitegemea: "Dada, hata kama ile chupa ni safi na mkulima kalipwa vizuri, mimi bado siwezi."

Nikaona kwamba hapo ndipo swali lake lilipokuwa tangu mwanzo. Bei inaweza kuwa ya haki kwa mwenye duka na bado ikamwumiza anayelazimika kuilipa. Nani kamlazimisha? Muuzaji hakumwita kutoka Sanaiya. Bibi yangu, aliyeolewa Kibokoni, hakupelekewa tola ya mafuta ya udi. Alikuwa na chetezo, na udi aliupika mwenyewe kwa sukari, maji ya waridi na chenga za udi zilizonunuliwa kwa kipimo kidogo. Nyumba yake ilinukia, nguo zake zilinukia, na hakuna aliyesema harusi ile ilipungukiwa. Tola imeingia kwenye orodha za sanduku kwa sababu sisi tulioko Ghuba tumeipeleka. Tunashuka uwanja wa ndege na chupa mkobani, tunawapaka mashangazi nyuma ya kiganja, na tukiulizwa bei tunacheka. Aliyeko Malindi ataonaje kosa kuomba kitu ambacho kila anayetoka Qatar anakigawa kama peremende? Mama mkwe mtarajiwa hajamdhulumu kijana wetu. Hajui tu, na asiyejua amefichwa na watu kama mimi.

Tukasimama, tukaingia duka jingine. Muuzaji alikuwa mzee wa Assam, na swali lake la kwanza lilikuwa mafuta ni ya nani. Aliposikia ni ya bibi harusi akatoa chupa tatu. Ya kwanza alisema wazi kwamba ni mchanganyiko. Ya pili ni mafuta safi ya udi wa shambani, Thailand. Ya tatu akaifunika akisema, "Hii si yako mwaka huu." Akatupaka ile ya pili mkono wa pili, akatuambia tukatembee saa nzima kabla ya kulipa. Tukazunguka mpaka kwa wauza ndege na kurudi. Mkono wa kwanza, wa lile duka la riyali 1,800, ulikuwa umebakiwa na utamu mwepesi kama wa marashi ya kawaida. Mkono wa pili ulianza kwa ukali, ukageuka ukawa kama ngozi, kisha kama mbao na asali. Sisemi kwamba hicho ni kipimo cha maabara. Nasema kwamba muuzaji aliyekuruhusu uondoke na tone lake amekubali kupimwa.

Kijana alinunua robo tola, mililita 3, kwa riyali 240. Mzee akaandika kwenye risiti: mafuta safi, udi wa shambani, Thailand. Risiti hiyo iombeni kila mara, kwa sababu neno lililoandikwa mtu anaweza kulirudia dukani akiwa na shaka, na neno la mdomo halirudiki. Na mnaosafiri, jueni kwamba CITES inamruhusu mtu kubeba kwa matumizi yake hadi kilo moja ya vipande na mililita 24 za mafuta bila kibali, yaani kama tola mbili. Anayewabebea majirani zaidi ya hapo ataulizwa karatasi.

Ilibaki kazi iliyokuwa ngumu kuliko kununua. Kijana alitaka kuimimina robo ile katika chupa ya tola, aijaze mafuta ya nazi, na asiseme kitu. Nilimwambia kwamba hapo atakuwa amefanya lile lile tulilokuwa tunawashuku wauzaji, tena kwa mke wake, siku ya kwanza. Kwa kuwa hawezi kuzungumza na mama mkwe mwenyewe, alimpigia shangazi yake, akamtajia mshahara, bei ya tola na bei aliyolipa, kwa riyali na kwa shilingi. Shangazi alinyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, kumbe ni hivyo? Mbona hamsemi?"

Jibu la upande wa pili lilikuja baada ya siku mbili, nalo kijana alinisomea kwa simu huku akicheka. Robo tola imekubaliwa. Ila udi wa kufukiza usipungue nusu kilo, na chetezo kiwe kipya.